Mpira usiojitenga hauzuii ufa

Swali huja kwa sura tofauti lakini kiini chake ni kile kile: nikisaga tairi kuukuu nikachanganya unga wake na gundi ya epoksi, si boti yangu itaacha kupasuka? Mwingine hutaja ndala badala ya tairi, mwingine tyubu ya baiskeli iliyolowekwa kwenye petroli mpaka ikawa uji. Huulizwa na waunda boti wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, huulizwa na maseremala wa Mbinga mjini, na siku hizi wapo wanaolijibu kwa kujiamini kabisa, wakitoa mpaka vipimo vya vijiko. Jibu ni hapana. Halibadiliki kwa kubadilisha aina ya tairi wala kwa kusaga zaidi. Na kwa kuwa hapana tupu inaonekana haitoshi, inabidi sababu yake ifuatwe mpaka mwisho, maana ndiyo inayomwonyesha fundi kipi anunue, kipi aache, na kwa nini kopo lile lile laweza kutoa gundi nzuri ufukweni na gundi mbovu kule juu Umatengo, kwenye milima ulipo mji wa Mbinga.

Shida inayowasukuma watu kuuliza ni ya kweli. Ubao wa boti hunywa maji na kutanuka ukiwa ziwani, kisha husinyaa chombo kinapovutwa mchangani na kuachwa juani. Epoksi ya kawaida, ile ya makopo mawili, resini na hadina inayoigandisha, ikishaganda haivutiki pamoja na ubao. Halafu kuna mawimbi. Ziwa Nyasa lina urefu unaopita kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini, na kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini-mashariki hupata maji mengi ya kupitia kabla haujaufikia mwambao wa Ruvuma, kwa hiyo viungo vya boti hupigwa maelfu ya mara katika usiku mmoja wa kuvua usipa. Ufa mdogo kwenye gundi, usioonekana kwa macho, husogea mbele kidogo kwa kila pigo. Kinachotakiwa ni gundi inayouzuia ufa usikimbie bila kupoteza nguvu zake za kushika, na viwanda vimekuwa vikitumia mpira kwa kazi hiyo hiyo tangu miaka ya 1960. Hapa ndipo uvumi ulipojichumia chembe yake ya ukweli. Mpira huisaidia epoksi, hilo halina ubishi. Kinachokosewa ni namna unavyoisaidia.

Anayesaga tairi anafikiri hivi: epoksi ni ngumu, mpira ni laini, nikivichanganya nitapata kitu cha katikati. Kwa hesabu hiyo mchanganyiko bora ni ule uliokorogwa mpaka mpira na epoksi vikawa kitu kimoja. Mambo yako kinyume. Mpira ulioyeyuka ndani ya epoksi na kubaki umeyeyuka humo humo huilainisha tu: gundi inapungua nguvu, inalegea mapema kwenye joto, na uwezo wake wa kuzuia ufa huongezeka kidogo sana kulinganisha na ilichopoteza. Mpira unaofanya kazi ni ule unaoanza kwa kuyeyuka kabisa, kisha, gundi inapoelekea kuganda, ukajitenga kuwa matone madogo mno yaliyosambaa kila mahali, kila tone likiwa limeshikamana na epoksi inayolizunguka. Lazima uyeyuke kwanza, lazima utengane baadaye, na kutengana kwenyewe kuwe kwa wakati wake. Unga wa tairi hauwezi la kwanza, basi la pili halina pa kuanzia.

Mpira unaotumika viwandani hautoki kwenye tairi wala kwenye mashamba ya mipira ya Kihuhwi na Kalunga. Ni kimiminika kizito, minyororo mifupi ya butadini na akrilonaitrili yenye uzito wa molekuli wa takriban 3,500, na kwenye ncha za kila mnyororo kumewekwa kundi la asidi linaloweza kufungamana na epoksi. Ulitengenezwa na kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani, na mwishoni mwa miaka ya 1960 Frederick McGarry na wenzake katika chuo cha MIT walionyesha kwamba sehemu chache za mpira huo kwa kila sehemu 100 za resini hubadilisha kabisa namna epoksi inavyovunjika. Akrilonaitrili ndiyo inayoufanya mpira upokewe. Butadini peke yake na epoksi havipatani hata kidogo. Akrilonaitrili ikiongezwa, mpira huyeyuka kwa urahisi zaidi na huchelewa zaidi kujitenga, hivyo matone hutoka madogo. Watengenezaji huuza madaraja tofauti, kama yale ya asilimia 10, 18 na 26, na mtaalamu huchagua daraja kwa uangalifu ule ule anaoutumia kuchagua hadina. Hapo tayari tuko mbali sana na kijiko cha unga wa tairi.

Changanya kimiminika hicho na resini yenye vuguvugu na utapata kitu angavu, mpira hauonekani. Kwa nini basi ujitenge baadaye, na hakuna aliyeongeza kitu? Kwa sababu epoksi yenyewe inabadilika. Molekuli ndogo zilizo nyingi zina njia nyingi mno za kujipanga katikati ya minyororo ya mpira, na wingi huo wa njia ndio unaovifanya vitu viwili visivyopatana vikae pamoja; Paul Flory na Maurice Huggins waliliweka jambo hili kwenye hesabu mwanzoni mwa miaka ya 1940, na hesabu hiyo bado inatumika. Hadina inapoanza kuunganisha molekuli za epoksi mbilimbili, kisha kumikumi, kisha kwa mamia, njia za kujipanga hupungua, na kule kutopatana kwao kunabaki bila kizuizi. Asali ya miombo ikikaa kwenye chupa hufanya jambo la aina hiyo: ilikuwa angavu, hakuna aliyetia chembe ndani yake, lakini sukari iliyokuwa imeyeyuka inajitenga kuwa punje, na ukubwa wa punje hufuata kasi ya kuganda. Ndivyo mpira unavyotoka ndani ya epoksi, isipokuwa hapa kinachousukuma nje ni kukua kwa molekuli za jirani yake. Tukio lenyewe laonekana kwa macho: mchanganyiko angavu huingia ukungu, kisha huwa mweupe, muda mfupi kabla haujaganda.

Tangu ukungu unapoingia, mambo mawili yanashindana. Matone yanazaliwa na kukua, na wakati huo huo epoksi inazidi kuwa nzito mpaka inafika mahali inaganda, na ikishaganda hakuna tone linaloweza kusogea tena. Muundo utakaobaki ndani ya gundi kwa miaka yote ya boti huamuliwa na hali ilivyokuwa mashindano yalipokatizwa. Epoksi ikiwahi mno kuganda, sehemu kubwa ya mpira hukwama ikiwa bado imeyeyuka, na unapata ile gundi iliyolainika bila faida. Ikichelewa na mpira wenyewe ukawa wa daraja lisilopatana na resini, matone huungana na kuwa makubwa kupita kiasi. Mpira ukizidi, tuseme ukapita sehemu 20 au 30 kwa 100, mpangilio hugeuka ndani nje: mpira ndio unaozunguka na epoksi ndiyo inayobaki vipande vipande katikati yake, na nguvu ya gundi huporomoka. Kinachotafutwa ni matone ya mikroni 1 au 2 hivi, mikroni ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya milimita, yakichukua kama sehemu moja ya kumi ya ujazo wote.

Joto linaamua mengi katika mashindano hayo, na hapa jiografia ya Mbinga inaingia moja kwa moja kwenye kemia. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa ziwa, na hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Shuka barabara ya lami ya kilomita 66 hivi mpaka Mbamba Bay na utakuta joto limeongezeka kwa nyuzi 5 hata kabla hujahesabu baridi ya Juni na Julai inayolala Umatengo usiku kucha. Kasi ya epoksi kuungana huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi 10, kwa hiyo tofauti ya nyuzi 5 inatosha kuiongeza kasi hiyo kwa kama mara moja na nusu. Lakini joto halibadilishi kasi peke yake. Kwenye baridi kupatana kwa mpira na epoksi hupungua, yaani mpira huwa tayari kujitenga mapema, ila kimiminika ni kizito mno kwa matone kusafiri. Kwenye joto kimiminika ni chepesi, ila epoksi inakimbilia kuganda na mpira unang'ang'ania kubaki umeyeyuka. Ndiyo maana mara nyingi kiasi kikubwa zaidi cha mpira hujitenga kwenye joto la kati, si kwenye baridi kali wala kwenye joto kali. Mwaka 1981 John Gillham wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzake walionyesha kwamba mchanganyiko ule ule, wenye vipimo vile vile, hutoa miundo tofauti kabisa ya ndani kwa kubadilisha joto la kugandishia tu. Anayekupa kipimo cha vijiko bila kukuuliza utagandishia wapi na mwezi gani hajakupa kipimo.

Matone hayo hufanya nini ufa unapokuja? Watu wengi hudhani mpira unaunyonya mshtuko, kama soli ya kiatu. Sivyo, na hili ni la kushikwa vizuri kwa sababu ndilo linaloumaliza unga wa tairi. Mbele ya ncha ya ufa kuna mvuto mkali unaovuta kila upande kwa pamoja. Mpira hukubali kubadilishwa umbo lakini haukubali kutanuliwa ujazo, kwa hiyo tone hupasuka kwa ndani na kuacha tundu. Tundu hilo huipa epoksi iliyo katikati ya matone nafasi ya kunyumbuka na kuteleza badala ya kukatika, na kunyumbuka huko ndiko kunakomeza nguvu ya ufa. Maelezo haya yalijengwa na Anthony Kinloch na wenzake Uingereza mwaka 1983, yakathibitishwa zaidi na Albert Yee na Raymond Pearson mwaka 1986. Kazi kubwa inafanywa na epoksi yenyewe. Mpira unaipa ruhusa ya kuifanya. Matokeo yake kwa namba: kuipasua epoksi tupu huchukua nishati ya juli 100 hadi 300 kwa mita ya mraba, na iliyotiwa mpira sawasawa hupita juli 2,000, huku ugumu wake ukipungua kidogo tu. Sehemu iliyofanya kazi hiyo huachwa nyeupe pembeni mwa ufa, kwa sababu matundu mamilioni hutawanya mwanga.

Sasa leta unga wa tairi. Tairi chakavu hazikosekani Mbinga, malori ya makaa ya mawe ya Ngaka peke yake huzila kwa wingi, na ndiyo sababu mojawapo ya mawazo haya kushamiri. Lakini mpira wa tairi umepikwa na salfa, njia aliyoigundua Charles Goodyear mwaka 1839, na upishi huo umeifunga minyororo yote pamoja kwa vifungo visivyofunguka. Hauyeyuki katika epoksi, hauyeyuki katika petroli, hauyeyuki katika kitu chochote kilichoko dukani, hufura tu. Kwa hiyo unabaki chembe kama ulivyotoka kwenye msasa au kwenye mashine, na chembe hizo huwa na upana wa mikroni mia kadhaa. Fanya hesabu, haihitaji maabara. Chukua kipande cha gundi cha milimita moja kwa urefu, upana na kimo, na sehemu moja ya kumi ya ujazo wake iwe mpira. Kwa matone ya mikroni 1 utapata matone yanayokaribia milioni 190. Kwa chembe za tairi za mikroni 300 utapata chembe 7. Saba, katika nafasi ile ile, kwa mpira wa kiasi kile kile. Na eneo lililo mbele ya ncha ya ufa katika epoksi tupu, pale ambapo kazi yote hufanyika, lina upana wa mikroni chache tu. Chembe ya mikroni 300 haiwezi hata kuingia humo. Ufa unapofika kwenye chembe hiyo hauoni kikwazo. Unaona kitu laini kisichoshikwa vizuri na epoksi, unakizunguka na kuendelea, na mara nyingi chembe hiyo ndiyo inayokuwa mahali pa kuanzia ufa mpya, kwa sababu gundi inayoizunguka inabeba mzigo ambao chembe imeshindwa kuubeba.

Hilo la kushikwa lina uzito wake. Mpira wa kimiminika una ncha za asidi zinazofungamana na epoksi kikemia, kiasi kwamba tone likipasuka linapasuka kwa ndani, haling'oki. Uso wa chembe ya tairi hauna kitu cha namna hiyo. Una mafuta ya kiwandani, nta iliyowekwa kulinda tairi dhidi ya jua, masizi, na vumbi la barabara yote ya Songea. Ukiosha kwa sabuni unaondoa vumbi, mafuta yaliyomo ndani yataendelea kutoka. Kisha chembe hizo hufanya uji kuwa mzito, fundi anashindwa kuupaka, anaongeza thina ili uteleze, na thina ikinaswa ndani huacha vishimo na kuidhoofisha gundi ambayo tayari ilikuwa imedhoofishwa. Kila hatua inatibu kosa la hatua iliyotangulia kwa kosa jipya, na mwishowe boti inarudishwa majini na kiungo kilicho dhaifu kuliko kama fundi angepaka epoksi tupu na kwenda zake.

Ndala hazina nafuu. Nyingi si mpira hata kidogo, ni povu la plastiki lililojaa hewa, na kuzisaga ni kuingiza vipovu vya hewa kwenye kiungo kinachotakiwa kuzuia maji. Uji wa petroli ni mbaya zaidi, na ningeomba wanaousambaza waache. Tyubu nayo imepikwa na salfa, kwa hiyo inachofanya petroli ni kuivimbisha na kutoa kilicholegea. Hata solusheni ya kuzibia pancha, ambayo kweli ni mpira usiopikwa ulioyeyushwa, haifai, kwa sababu mpira wa asili haupatani kabisa na epoksi: hauyeyuki humo hata mwanzoni, hukusanyika kuwa kamba na mabonge mara tu unapoacha kukoroga, ukiacha mfuko wa kiyeyusho umenaswa katikati. Juu ya hayo, epoksi hutoa joto inapoganda. Kwenye kopo lililojaa joto hilo hupanda vibaya, na mvuke wa petroli ukiwa pale pale ndani ya kibanda cha fundi, hatari ya moto si ya kudhani.

Huja mapingamizi, na baadhi yake yanastahili jibu. La kwanza ni la fundi anayesema amejaribu na ikafaulu: alimwaga kipande chembamba, akakikunja kwa mikono, hakikuvunjika. Kipimo hicho kinapima ulaini, hakipimi uwezo wa kuzuia ufa. Epoksi ambayo haijaganda sawasawa hukunjika vizuri sana. Epoksi iliyopunjwa hadina hukunjika. Kichore kipande hicho kwa wembe, kibane, ukigonge kwa nyundo, ndipo utakuwa umeuliza swali linalohusika. La pili ni la wasomi: kuna tafiti zilizochapishwa ambamo unga wa tairi uliongeza kidogo uwezo wa epoksi. Zipo, na sizipuuzi. Unga wake ulisagwa laini na kuchekechwa, mara nyingine uso wake ulitibiwa kwa kemikali, na faida iliyopatikana ni ndogo, ya chembe kubwa kushikilia kingo mbili za ufa kwa muda, ikilipiwa kwa kupungua kwa nguvu ya gundi. Haikuwa ile ya karibu mara kumi inayoletwa na matone. La tatu huletwa na waliosikia habari za Flipflopi, jahazi la Lamu lililoundwa chini ya fundi Ali Skanda na kushushwa majini mwaka 2018, lenye urefu wa mita 9 na ndala zinazofikia 30,000: mbona wao walifaulu? Walifaulu kwa sababu hawakufanya jambo tunalolizungumzia. Mwili wa jahazi lile ni plastiki iliyoyeyushwa na kutolewa kama mbao, ikachongwa na kuungwa kwa ufundi wa jahazi. Ndala zilivishwa juu kama ngozi. Hakuna aliyezisaga akazitia kwenye gundi.

Pingamizi la nne ndilo lenye akili kuliko yote, na halisikiki mara nyingi inavyostahili. Viwanda siku hizi huuza epoksi yenye chembe za mpira zilizotengenezwa kabla, ambazo hazingoji kujitenga wakati wa kuganda. Ikiwa chembe zisizoyeyuka zinakubalika kwao, kwa nini za tairi zisikubalike? Kwa sababu chembe zile hupimwa kwa mikroni 0.1 hadi 0.3, mara elfu moja au zaidi ndogo kuliko za tairi, na kila moja imevishwa ganda la kemikali linalopatana na epoksi ili isigandamane na jirani yake na isibanduke. Kile ambacho mpira wa kimiminika hukifanya kwa kujitenga ndani ya kiungo, hizi zilikwisha kufanyiwa kiwandani. Hakuna jiwe la kusagia, msasa wala mashine ya unga itakayokufikisha huko. Lakini jambo hili lina faida kubwa kwa mtu wa Mbinga: muundo wa gundi hizo hautegemei sana baridi au joto la siku ya kugandishia, kwa kuwa mashindano yale hayapo.

Basi cha kufanya, kwa haraka. Ukihitaji epoksi inayozuia ufa, agiza ile iliyotiwa mpira kiwandani, iwe ya kimiminika au ya chembe zilizotengenezwa tayari. Zipo kati ya gundi za mabodi ya magari na za kuundia boti, na karatasi ya maelezo ya bidhaa lazima itaje kuongezwa uwezo wa kuzuia ufa, isipotaja usinunue kwa maneno ya muuzaji. Pima resini na hadina kwa mizani au bomba la sindano, usikisie, na hadina ya ziada haiongezi nguvu, inabaki bila kazi na kuipunguza. Mbinga wakati wa baridi, weka makopo kwenye maji ya vuguvugu kabla ya kuchanganya, gandishia ndani, na siku ya pili kipe kiungo joto, hata la jua chini ya turubai jeusi, kwa sababu epoksi iliyogandia kwenye baridi husimama kabla haijamaliza kuungana. Ukikuta utando unaonata juu yake, osha kwa maji na piga msasa kabla ya mkono wa pili. Ubao uwe mkavu mpaka ndani. Paka rangi juu, jua huila epoksi. Vaa glavu, hadina huunguza ngozi na mzio wake ukishakupata hauondoki. Na pale ubao unapotembea sana, kwenye maungio ya mbao za chini za boti, usitumie epoksi ya aina yoyote: tumia gundi ya poliuretheni inayobaki laini, au rudi kwenye kalafati ya pamba, ambayo imefanya kazi hiyo vizuri tangu kabla ya epoksi kuzaliwa. Boti za faiba nyingi zimejengwa kwa poliesta. Epoksi hushika juu yake vizuri ikipigwa msasa, poliesta juu ya epoksi haishiki sawasawa.

Kuna la kwetu wenyewe ambalo lingestahili bidii inayopotea kwenye kusaga tairi. Maganda ya korosho za Tunduru, mkoa huu huu wa Ruvuma, yana mafuta yanayotoa kadanoli, na kutokana na kadanoli hutengenezwa hadina inayogandisha epoksi kwenye baridi na kwenye unyevu, na inayoipa unyumbufu kiasi kwa sababu kila molekuli yake inaburuta mkia mrefu wa kaboni. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamechapisha tafiti nyingi juu ya mafuta hayo. Hadina ya kadanoli si badala ya matone ya mpira, hufanya kazi kwa njia nyingine, lakini kwa fundi anayeunga mbao Julai kule Umatengo inajibu nusu ya matatizo yake, na sehemu kubwa ya malighafi yake inatupwa au kuchomwa, ama inasafirishwa nje pamoja na korosho ghafi.

Ukishanunua gundi, usiipeleke kwenye boti kabla hujaijaribu. Mimina kipande chenye unene wa kidole kwenye kifuniko cha kopo, pale pale utakapofanyia kazi na kwa saa ile ile ya siku. Tazama inavyoganda: gundi ya mpira wa kimiminika ikibaki angavu mpaka mwisho, huenda mpira haukujitenga, ama haumo. Ile yenye chembe za tayari huwa na ukungu tangu kwenye kopo, kwa hiyo kwake kipimo hiki cha kwanza hakisemi kitu. Subiri siku saba, kichore kwa wembe, kibane kwenye jiliwa, kigonge. Kikikatika kwa mlio mkavu na uso wake ukang'aa, hiyo ni epoksi tupu, hata kama kopo limeandikwa vingine. Pembeni mwa ufa pakiwa peupe, anza kazi.